Kamba ya Kuanikia Nguo

Wapendwa, mwaka fulani gari langu liliwasha taa nyekundu pale mbele ya usukani. Mimi mchungaji wenu, mtu wa safari nyingi na akili za kuazima, nikachukua stika ya "Mungu Yupo" nikaibandika juu ya ile taa. Niliendesha kwa amani kuu hadi injini ilipokufa kati ya Makambako na Njombe. Chekeni. Chekeni sasa hivi, maana huko mbele hakuna kicheko.

Palikuwa na mwalimu mmoja milimani aliyekataa kufundisha habari za udongo kwa chaki. Kila Ijumaa aliwapandisha watoto kwenye mteremko ulio juu ya kijiji, ule ambao wanakijiji walikwisha kuukata miti yote. Wakachomeka vigingi ishirini kwa mstari mmoja ulionyooka. "Udongo ukianza kutembea," akawaambia, "vigingi vitatembea nao. Kimoja kikitoka nje ya mstari hatua nzima, walio chini wahame siku hiyo hiyo."

Wazazi wakanung'unika. "Namtuma mtoto shule, ananirudia kama katoka kuchimba kaburi!"

Ijumaa moja ya masika mwalimu alikuwa semina wilayani. Watoto wakapanda wenyewe. Binti wa mwenyekiti wa kamati ya shule akaingia nyumbani na matope hadi magotini.

"Baba, kigingi cha tisa kimetoka hatua nzima. Tuhame!"

Mama yake akaanza kufunga mizigo. Baba akamzuia. "Subiri kwanza, mama. Jumatatu wageni wanakuja kukagua mradi huu wa vigingi. Waone mstari umepinda kama mkia wa mbwa? Watasema kamati imelala!"

Jumamosi asubuhi akapanda na nyundo na kamba. Akang'oa, akachomeka, akavuta kamba, akaifunga chini kwenye vigingi na kuifukia udongo, hata mstari ukanyooka kuliko siku ya kwanza. Hakuwa mtu mbaya, wapendwa. Alikuwa mtu wa kupenda mambo yaonekane vizuri. Mnamjua? Mimi namjua, namnyoa ndevu kila asubuhi.

Jumapili, baada ya ibada, mkewe akapanda akaone kwa macho yake. Mstari umenyooka. Akashuka, akafungua mizigo. "Mtoto alikosea kupima," akawaambia majirani. Nao, waliokwisha kufunga mizigo, wakafungua yao.

Jumatatu saa sita mchana mlima ukashuka. Watoto walikuwa shuleni, ng'ambo ya bonde. Mwenyekiti alikuwa barabarani na koti lake, akingoja wageni. Nyumba kumi na moja. Mama yule alikuwa ndani.

Walipofukua, wakakuta juu ya bati vigingi vinne, bado vimefungwa pamoja kwa kamba. Binti akaishika ile kamba, akaigeuza mkononi. Aliijua. Ni yeye aliyeanikia nguo juu yake tangu utoto.

"Baba," akauliza, "kamba ya mama ilifikaje kule juu?"

Ungemjibu nini? Ndugu, ungemjibu nini?

Sisi ndio tunaowatuma watoto wakaone, kisha wakiona tunawanyima macho yao. Ijumaa hii watoto wetu wanapanda kukagua chanzo chetu cha maji. Wakirudi, usianze na sare iliyochafuka. Uliza: "Mwanangu, mmeona nini?" Kisha nyamaza usikie, hata kama wageni wako njiani.