Gita Lililobandikwa Kichwa

Kaeni, wapendwa, kaeni. Wenye watoto wapakateni. Neno mmekwisha kulisikia likisomwa, na kutoka hapa mimbarini nimewaona wengine mkiitikia kwa nguvu, kama vile linamhusu jirani. Basi ngojeni niwape mfano.

Palikuwa na dada mmoja, mpiga gita la besi katika kwaya. Alikuwa analipiga hata mzee asiyecheza anashtukia kisigino chake kinagonga sakafu. Siku moja bodaboda ikamwangusha, bega la kushoto likavunjika. Liliunga, lakini liliunga vibaya. Daktari akamwambia, "Dada, kitu kizito begani, basi tena." Na ninyi mnajua mkanda wa gita unakaa wapi. Unakaa bega lile lile la kushoto.

Akawa mtu wa benchi la nyuma. Kwaya ikiimba, vidole vyake vinatembea juu ya paja, vinapiga besi ambayo hakuna anayeisikia. Mmewahi kumwona mtu mwenye kipawa akikaa bure? Inauma kuliko bega.

Halafu katika duka la mitumba akakuta kigita cha besi cha ajabu. Shingo fupi, halafu hakina kichwa. Nasema kweli, hakina! Pale juu ambapo magita mengine yana kichwa na vile vifundo vya kuzungusha ili kukaza nyuzi, hiki kimeishia tu. Nyuzi zake zinakazwa huku chini kabisa, karibu na tumbo la mpigaji. Ndivyo fundi wake alivyokitengeneza, makusudi, ili kiwe chepesi. Kasoro yake ilikuwa rangi tu, imebanduka kama ukuta wa choo cha stendi.

Alikinunua. Nyumbani akakifungua chote, skrubu zote akazitia kwenye kopo la maziwa zisipotee. Akashika msasa, kwanza ule wa kukwaruza, kisha ule laini, akasugua kwa mkono wa kulia huku wa kushoto umelala mapajani. Chini ya rangi ile chakavu akakuta mbao nzuri, yenye mistari iliyotulia. Akapaka vanishi, akasubiri ikauke, akasugua, akapaka tena. Kazi hiyo haitaki mwenye pupa. Alipomaliza, akarudisha vyuma mahali pake, akavaa mkanda, akasimama. Bega likanyamaza. Dada wa watu akalia peke yake chumbani, analia na anapiga.

Basi kwaya ikarudi kuwa kwaya. Harusi wakaitwa, mikutano ya uwanjani wakaitwa, na waalikaji walikuwa wakiuliza, "Yule dada wa besi atakuja?" Hakuna aliyeuliza gita lina kichwa au halina. Watu walikuwa wanacheza, nani ana muda wa kukagua vichwa?

Ila kamati, wapendwa. Kamati ilikuwa na muda.

Kwaya ilikuwa inajiandaa kurekodi video yake ukumbini, mbele ya watu. Mgeni rasmi ameshaalikwa, sare mpya zimeshonwa, nyeupe na dhahabu. Mwenyekiti wa kwaya akamwita yule dada mbele ya kamati, akamwambia, "Sasa dada yangu, hilo gita lako. Halina kichwa. Watu wakiliona kwenye video watasema ni la kuzimu."

"Mwenyekiti, nyuzi zake zinakazwa huku chini. Huko juu kichwa hakina kazi."

"Sisemi habari ya kazi. Nasema habari ya muonekano."

"Na bega langu?"

"Bega halionekani kwenye video."

Mmesikia jibu hilo? Mtu mzima, mwenye Biblia kwapani, anajibu hivyo, na kamati nzima inatikisa kichwa kukubali!

Sasa, vyombo vyote vya kwaya vilikuwa vinalala stoo ya kanisa, na ufunguo anao mwenyekiti. Wakalichukua gita bila kumwambia mwenyewe, wakalipeleka kwa fundi wa vitanda. Fundi akachonga kichwa cha mninga, kizito, akakibandika kwa gundi na skrubu, akakitia na vifundo vinne vya pambo, vile vya kwenye kabati. Havishiki uzi hata mmoja. Kisha wakalipaka rangi ya mafuta, nyeupe na dhahabu, lifanane na sare. Hawakufungua kitu. Walipaka mbao, wakapaka vyuma, wakapaka hata vile vya kukazia nyuzi kule chini. Vanishi yote ya yule dada ikafunikwa mchana mmoja. Mwenyekiti akalitazama akasema, "Sasa hili ndilo gita."

Siku ikafika. Ukumbi umejaa, mgeni rasmi yuko mbele na maua yake shingoni. Dada anakabidhiwa gita jukwaani, kamera imeshawashwa. Hakulitambua. Akavaa mkanda, shingo ya gita ikainama sakafuni kwa uzito wa kile kichwa, na bega likamchoma mpaka machozi yakamtoka. Nyuzi zimelegea. Akapeleka vidole chini akaze, hakuna kinachozunguka, rangi imegandisha kila kitu.

Mwenyekiti anamnong'oneza kwa ukali, "Kaza huko juu!"

"Huko juu hakuna kitu, Mwenyekiti."

Mwenyekiti akapanda mwenyewe jukwaani. Akakamata kifundo cha pambo, akazungusha, akazungusha, kikamtoka, kikabaki mkononi. Na wimbo umeshaanza! Besi ikatoa sauti ya ng'ombe aliyekwama topeni. Watoto wakacheka, mgeni rasmi akatazama viatu vyake.

Ndipo mzee mmoja wa kamati akasimama, akapaza sauti, "Kuna pepo kwenye gita hili! Tulisema!" Watu wakainuka kukemea. Lakini je, walilikemea gita? Wapi! Walimzunguka yule dada. Wakamwekea mikono, na mkono mkubwa kuliko yote, wa mwenyekiti, ukatua juu ya bega la kushoto, ukakandamiza.

Yule dada akapiga ukelele. Wao wakafurahi, wakasema pepo linatoka.

Akajinasua. Akawaambia, "Pepo gani? Hiyo ni rangi ya mafuta. Mliileta wenyewe ndani ya kopo." Akashuka jukwaani na gita lake, akaenda nyumbani, akachukua msumeno.

Mnadhani kamati ilijuta? Ilikaa kikao, ndiyo. Wakafungua kwa sala. Ajenda ilikuwa moja tu, kutafuta mpiga besi mwingine, mwenye bega zima.

Naam, guneni. Guneni sana. Lakini msiigunie kwaya ile, maana haipo, nimeitunga. Sisi tupo.

Jumapili iliyopita, hapa hapa, kuna kaka alikuja na magongo yake akakaa benchi la mbele, mahali alipoweza kunyoosha mguu. Sisi tulimwendea kwa tabasamu tukamwomba ahamie nyuma ya nguzo, kwa sababu ibada inarushwa mtandaoni. Akahama. Leo mmemwona? Mimi sijamwona. Na katika wiki nzima hii simu yangu imelia kwa habari ya mapazia na habari ya viti vya wageni, wala hakuna aliyepiga kuniuliza habari za kaka yule.

Nina hasira, sifichi. Mungu anamleta mtu kwetu amekwisha kumsugua kwa mkono wake mwenyewe, tabaka kwa tabaka, na sisi tunakimbilia kopo la rangi! Tunambandika tusichoulizwa, akishindwa kusimama tunasema ana pepo, tunamwombea. Tunamwombea huku tumemkandamiza pale pale panapouma.

Sasa tutasimama tuombe. Ila kabla hujafumba macho, tazama mkono wako umekaa juu ya bega la nani.

Uondoe kwanza.