Yai Viza na Gari la Mbio

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa huko nyuma mnatafuna nini? Sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa tumeamka sote.

Hapo zamani za kale, kale ile ambayo barabara zilichorwa na nyayo tu, palikuwa na karakana ya magari ya mbao. Karakana ya nani? Ya Bi Kiboko. Mwili mnene, sauti nene, roho laini. Alirithi karakana kwa baba yake, na humo yalitoka magari ya aina mbili. La kwanza liliitwa Taratibu. Hilo lilibeba mizigo: mahindi, kuni, mama wakwe. La pili liliitwa Vumbi. Hilo lilikuwa gari la mbio. Ukilipandisha juu ya Mteremko wa Kokoto ukaliachia, vuuuu! Vumbi unaliona, gari hulioni.

Mtaniuliza, gari hilo alilinunua nani? Duma? Duma alitaka gari la nini, na miguu anayo! Wanunuzi walikuwa Kobe, Konokono na Kinyonga. Kobe alilinunua akamwone mjukuu wake mchanga, maana kwa miguu angemkuta ameshaoa.

Fundi wa magurudumu alikuwa Kakakuona. Mpole, mwenye haya, magamba mwili mzima. Ukimsifu anajikunja donge. Kutwa alipiga msasa, krr, krr, krr. Kila Vumbi jipya lilimfundisha kitu. Mwaka mmoja alijifunza kupaka mafuta ya nyonyo ndani ya tundu la gurudumu. Mwaka mwingine alijifunza kusikiliza: analizungusha gurudumu hewani, analitegea sikio, likinung'unika analichonga tena. Na alichojifunza kwenye Vumbi alikitia kwenye Taratibu, kimyakimya, bila kumwambia mtu.

Karakana ile ilikuwa na desturi yake. Gari likikamilika, fundi hulipanda yeye kwanza, amepakata yai la kanga. Si yai la kula, jamani. Yai viza, limekaa juani mwezi mzima! Anateremka nalo mpaka bondeni. Yai likifika salama, gari linauzwa. Likipasuka, gari linavunjwa, na fundi ananuka siku saba, hata mkewe anamsogezea chakula kwa upondo wa mtumbwi.

Basi ikaja shida. Ng'ambo ya mto Ngiri akafungua karakana yake. Magari yake mepesi, rahisi, yanatoka kumi kwa siku. Wateja wakavuka mto. Kwa Bi Kiboko pakawa kimya, na stooni likabaki gogo moja tu la mninga.

Bi Kiboko akaita kikao. Msimamizi wake, Ngedere, akasimama, mkia kautupia begani.

"Bi Mkubwa, gogo hili linatoa Vumbi mawili au Taratibu sita. Tuache Vumbi. Siku hizi nani anakimbilia wapi?"

"Fundi, wewe unasemaje?" akauliza Bi Kiboko.

Kakakuona alikuwa na maneno mengi. Akajikunja donge.

"Donge halijasema kitu," akasema Ngedere.

Bi Kiboko akashusha pumzi, majani yakalala. "Basi Vumbi liishe. Tutengeneze Taratibu."

"Na yai nalo tuliache," akaongeza Ngedere. "Gari linakwenda kama linasindikiza mgeni, yai la nini?"

"Na yai liachwe."

Kakakuona alilia siku ile. Nawaambia alilia. Chozi likapita katikati ya magamba, likadondoka kwenye randa.

Kesho yake akaanza kazi. Krr. Akapumzika. Krr. Akatazama nje. Hakulitegea gurudumu sikio. La kusikiliza nini, na halitakimbia? Mafuta akapaka juujuu. Taratibu matatu yakatoka, yakauzwa.

Siku ya kwanza, ng'ri-ng'ri-ng'ri. Siku ya pili, ng'ri-ng'ri-ng'ri. Siku ya tatu, kwachu! Gurudumu likachomoka. Ilikuwa siku ambayo Mama Kanga alikuwa anahama. Vyungu chini, vibuyu chini, vifaranga kumi na mmoja wanabingirika barabarani, na mama yao nyuma anawakusanya. Akafika karakana manyoya yamesimama.

"Bi Kiboko! Gari lako limenimwaga na wanangu! Heri ningevuka mto kama wenzangu!"

Neno lile lilimchoma Bi Kiboko. Akageuka. "Kosa la nani?"

"La mbao," akasema Ngedere, upesi sana.

Kakakuona akaanza kujikunja. Akafika nusu. Kisha akajikunjua.

"Kosa langu, Bi Mkubwa. Mikono ilikuwa kazini, moyo haukuwepo. Vumbi ukilikosea kidogo tu, linakutupa. Ndiyo maana nilikuwa nasikiliza. Mmeliondoa Vumbi, nami nimeacha kusikiliza. Nipe nusu ya gogo iliyobaki nitengeneze Vumbi moja. Yai likipasuka, chukua randa yangu na patasi yangu, mimi niende nikachimbe mchwa."

"Na likifika salama?"

"Tusiache Vumbi."

Bi Kiboko akafikiri, masikio yakicheza. "Nimekubali. Ila yai nitalipakata mimi."

"Weee!" karakana nzima ikasema. Mteremko ule haujawahi kuteremkwa na kiboko.

Kakakuona akafanya kazi. Krr, krr, krr! Magurudumu akayafanya mapana, kwa heshima ya Bi Mkubwa. Mafuta akatia ndani kabisa. Sikio akatega, akachonga, akatega, akachonga, mpaka gurudumu likanyamaza kabisa.

Siku ya saba, asubuhi, wanyama wakapanga mstari juu ya mteremko. Hata Ngiri alivuka mto, eti anapita tu. Bi Kiboko akapanda. Gari likasema nguuu. Akawekewa yai mapajani. Kakakuona alitamani sana kujikunja, lakini hakujikunja. Alikaa macho wazi.

"Achia!"

Vuuuu! Kokoto tik-tik-tik-tik! "Uwiiiii!" Sauti ya nani hiyo? Ya Bi Kiboko! Vumbi likapanda, likafunika bonde lote. Breki, kriiiich! Kisha kimya.

Wakateremka mbio, Kakakuona wa mwisho kwa miguu yake mifupi. Vumbi likatulia. Bi Kiboko huyo, kaketi wima, mdomo wazi. Anacheka! Na yai liko mapajani, halina hata ufa.

"Yai zima!" akapiga kelele Ngedere, na kwa furaha, yeye yule aliyesema tuache, akaruka akamdondokea Bi Mkubwa mapajani.

Pwaa!

Weee, harufu! Ndege wakahama mti. Ngiri akavuka mto bila kupima kina.

Kakakuona akasogea karibu. "Bi Mkubwa... yai limepasuka. Nikalete randa?"

Bi Kiboko akajifuta, kamasi ya yai inamchuruzika. "Yai lilifika, Fundi. Aliyelipasua ni Ngedere, na Ngedere hana magurudumu." Akacheka tena. "Kila mwaka Vumbi moja litatoka hapa. Na hakuna Taratibu litakalouzwa bila kufundishwa na Vumbi, wala bila yai. Na yai la Taratibu atalipakata Ngedere."

Yale Taratibu matatu yakarudishwa, yakatiwa magurudumu mapya ya mabaki ya mninga. La Mama Kanga likapita kijijini kimya, bila hata ng'ri moja. Majirani wakatoka milangoni kuuliza limetengenezwa wapi. Kinyonga akalichukua lile Vumbi, akalipa magogo manne. Wateja wakarudi mmojammoja, wengine kwa aibu.

Na Bi Kiboko? Kila Vumbi jipya likikamilika, hupanda mteremko siku saba mfululizo. Anasema anapima breki. Breki gani zinapimwa na mtu anayepiga uwiiii, nyie!

Funzo lenyewe ni hili, watoto, na nyie wenye karakana pia: fundi akinyimwa kazi ngumu anayoipenda, hata ile nyepesi itamharibikia mikononi. Mkibanwa na shida, punguzeni mnavyoweza kupunguza, lakini msiondoe kile kinachowafanya watu wenu watege sikio.

Hadithi yangu imeishia hapo, imefunga breki. Aliyepakata yai alishushe polepole.