Jina Moja katika Dirisha la Kuhusu

Hapo zamani, wala si zamani za wafalme na majini, zamani hizi tu ambapo kompyuta bado zilikuwa na chogo, palikuwa na karakana ya programu mjini Morogoro. Mwenye karakana, Mama Ngailo, alikuwa na desturi yake. Kila programu ina dirisha dogo la "Kuhusu", lile ambalo watu hawalifungui. Humo aliandika jina la mtu aliyeponya ubovu mkubwa kuliko wote katika toleo hilo. Jina moja, basi. Na aliye kwenye majaribio, jina lake likiingia humo, ameajiriwa. Lisipoingia, anafungasha virago.

Tunu alikuwa kwenye majaribio, na muda wake ulikuwa ukingoni.

Sasa sikilizeni. Programu yao ya benki ya damu ilianza kufa. Muuguzi anafungua orodha ya chupa za damu, anaifunga, anafungua nyingine, mara programu nzima inajifunga na alichoandika kimepotea. Siku moja simu ikalia, Tunu akapokea.

"Nina mama hapa amejifungua, anavuja damu," muuguzi alisema. "Kila nikitafuta damu ya kundi lake mashine yenu inanifia. Nyie huko mnafanya kazi gani?"

Akakata simu, akakimbilia jokofu kusoma chupa mojamoja. Mama yule alipona.

Wa kwanza kuushika ubovu ni Mbwilo, mkongwe wa karakana. Akagundua kuwa dirisha la orodha likifungwa, nafasi yake katika kumbukumbu ya kompyuta hurudishwa, kisha kuna kitu kinaligusa kana kwamba bado lipo. Hapo ndipo programu inapokufa. Akaamuru dirisha lolote lisirudishe nafasi. Programu ikaacha kufa, wauguzi wakashukuru. Ila madirisha yaliyofungwa yakajazana kwenye kumbukumbu, na ikifika alasiri kompyuta inajikokota mpaka izimwe na kuwashwa upya.

Wa pili ni Kidawa. Alifungua na kufunga orodha, akafungua na kufunga, vidole vikamuuma, mpaka akamkamata mgusaji. Ilikuwa saa ndogo ndani ya orodha, inayohesabu chupa upya kila mara. Dirisha likifungwa, saa haina habari, inaendelea kuliita. Kidawa akachora yote ubaoni, kisha akapewa kazi nyingine.

Wa tatu ni Tunu. Akaifuta amri ya Mbwilo, akaandika kwamba dirisha likifungwa, saa yake izimwe kwanza, ndipo nafasi irudishwe. Programu ikatulia, kompyuta zikawa nyepesi tangu asubuhi hadi jioni.

Mama Ngailo akawaita mezani. "Haya, niandike nani?"

"Mimi," alisema Mbwilo. "Wagonjwa walipokuwa hatarini, ni mimi niliyezuia programu kufa. Hawa walitafuta kwa raha zao kwa sababu mimi nilishatuliza mambo."

"Mimi," alisema Kidawa. "Ni mimi niliyeujua ubovu. Bila mchoro wangu, Tunu angezima nini?"

"Mimi," alisema Tunu. "Ni mimi niliyeuondoa. Mlipoishia nyinyi, hospitali bado ilikuwa inateseka."

Mbwilo akacheka kidogo. "Mama, hebu muulize Tunu hiyo saa aliiweka nani."

Tunu akahisi uso unamuwaka. Jamani, inaudhi.

"Niliiweka mimi, sikatai," alisema. "Lakini, Kaka Mbwilo, si wewe uliyesimama nyuma ya kiti changu ukisema niharakishe, mambo ya kuizima tutayaona baadaye? Na hapa kwetu hakiingii kitu kwenye programu kabla mtu wa pili hajakisoma. Dada Kidawa, uliipitisha wewe. Uliisoma?"

Kidawa akatazama meza. "Ilikuwa Ijumaa. Nilikuwa nawahi kumfunda mdogo wangu. Nilikuamini."

"Basi ubovu tuliuingiza sote," Tunu alisema. "Mbona kosa linakuwa langu peke yangu, halafu sifa ndiyo tunagombania? Nyinyi mkikosa jina, kesho mnarudi kwenye viti vyenu. Mimi je?"

"Kwa hiyo tukuandike kwa huruma?" aliuliza Mbwilo.

"Sitaki huruma. Nataka haki."

Mama Ngailo akavuta kibodi, akafungua dirisha la Kuhusu. Akamtazama aliyezuia, akamtazama aliyegundua, akamtazama aliyeponya. Aliyehimiza haraka, aliyepitisha bila kusoma, aliyeweka saa bila njia ya kuizima. Watu walewale watatu, na nafasi ya jina moja.

Nyinyi mnaonisikiliza, msiniangalie mimi. Kibodi hiyo mbele yenu: je, mnaandika jina la nani, na mtamtazama usoni vipi yule mtakayemwacha?