Pimbi Avundika Mawe

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakipika majumbani na kuazimana chumvi, alikuwako Pimbi, mama wa watoto wanne. Nyumba yake ilikuwa kwenye miamba kando ya Mto Kilulu. Nawe unayetafuna muwa huko nyuma, tafuna taratibu. Hadithi ya leo ina wasiwasi ndani yake.

Juu kidogo ya nyumba ya Pimbi, Kifaru alikuwa na mgodi. Alichimba makaa ya mawe akawauzia wanyama wenzake ya kupikia. Mawe yasiyowaka alimwamuru nyapara wake, Ngiri, ayamwage ukingoni mwa mto. Kila siku, pwaa! Pwaa! Kifusi kikawa kilima cheusi.

Mvua za mwaka uliopita zilikiosha kile kifusi, uchafu wake wote ukaingia mtoni. Loo! Maji yakawa na rangi ya kutu. Kambale wakaelea matumbo juu. Ukiyaonja maji, makali kama limau. Tumu, kitindamimba wa Pimbi, aliyanywa, na tangu siku hiyo tumbo halikumwacha. Kiangazi ndipo maji yalipotakata kidogo, na Tumu akaanza kuweza kuketi.

Sasa mawingu yalikuwa yanarudi. Pimbi aliyatazama mpaka akaunguza uji mara mbili kwa siku moja. Mwishowe akaenda kwa Kifaru.

"Shikamoo, bwana mkubwa."

"Marahaba. Sema upesi."

"Kile kifusi, bwana. Mvua ikinyesha kitaingia mtoni tena. Tumu wangu hatapona mara ya pili."

"Mto unatembea, mama. Uchafu utakwenda zake."

"Unatembea ukipitia mlangoni kwangu!"

"Basi hama!" Kifaru akacheka, ho ho ho! Yeye alikunywa maji ya chemchemi iliyo juu ya mgodi, na alikuwa ameizungushia ua wa miiba.

Pimbi alilia njia nzima. Machozi yalipokauka, akatafuta kikapu.

Kesho yake asubuhi alinyata hadi kifusini, nya, nya, nya. Akachota mawe, akayafunika kwa majani ya mgomba, akatazama huku, akatazama huko. Hakuwa akiangalia kama yuko salama. Alikuwa akiangalia kama Ngiri anamwona.

"Wee! Mwizi! Umebeba nini?"

"Mimi? Takataka tu, nyapara."

"Takataka ndiyo unaificha hivyo?" Ngiri akamkamata, akamburuta mpaka barazani kwa Kifaru.

"Sema kweli, ama nikukanyage!" Kifaru akafoka.

"Nisamehe, bwana! Mawe haya si mabovu, ni machanga. Bibi yangu aliyavundika kama ndizi, yakaiva, yakawaka kuliko makaa yako."

Kifaru akakodoa macho. Akatwaa jiwe, akaliramba. "Ptuu! Makali! Unanifanya mjinga?"

Moyo wa Pimbi ulipiga pu, pu, pu. Akamkumbuka Tumu, akajikaza.

"Na ndizi mbichi, bwana? Ukiiuma huwa tamu?"

Kifaru alifikiri, na kufikiri kwake kulichukua muda. "La," akasema. "Hukamata ulimi."

"Haya basi!"

"Huvundikwaje haya mawe?"

"Shimo refu, bwana, mbali na mto, maana adui yake ni maji. Chini na ubavuni unakandika udongo wa mfinyanzi. Unajaza mawe, unafunika kwa udongo uleule, unashindilia. Tone moja la mvua likipenya, yote yameoza."

"Ngiri! Ita vijana wote!"

Wakachimba siku mbili. Pimbi alizunguka ukingoni mwa shimo, jicho moja kwenye makoleo, jicho moja mbinguni. Siku ya tatu, nusu ya kifusi ilikuwa bado pale pale ukingoni mwa mto. Guruguruuu! Radi.

"Bwana, yataoza!"

Kifaru mwenyewe akaingia kazini, akisukuma kwa pembe na kutweta. Kikapu cha mwisho kikamwagwa. Ngiri akashindilia udongo, ti! ti! ti! Hapohapo, to! Tone la kwanza likamwangukia Pimbi puani.

Mvua ilinyesha bila kupumzika. Pimbi alikaa mlangoni akiusikiliza mto. Ilipoacha asubuhi, alishuka mtoni. Maji yalikuwa ya kahawia. Uwii! Akachovya kidole, akakiramba.

Udongo. Ladha ya udongo tu, kama mvua ya kwanza ilivyo siku zote.

Hata hivyo hakuamini. Akanywa yeye kwanza, akakaa akilisikiliza tumbo lake mpaka jua likawa utosini. Tumbo kimya. Ndipo akayachuja, akayachemsha, akampa Tumu.

"Mama," Tumu akasema, "yapo mengine?"

Pimbi akaketi chini akalia kwa sauti.

"Yataiva lini?" Kifaru alimuuliza mwezi uliofuata.

"Utasikia harufu, bwana. Ukifunua kabla, yanabaki mawe."

Tangu hapo kifusi kipya chote kilikwenda kwenye mashimo mengine kama lile, na Kifaru hutembea pua chini, fu, fu, fu, akinusa ardhi. Mkimkuta, msimwambie.

Basi wanangu, mwenye pupa hasikii kilio cha jirani, lakini harufu ya faida humfanya akimbie. Hadithi imekwisha, mtungi uko pale, kanyweni maji mlale.