Neno la Nyassa Juu ya Imani ya Jirani

"Imani ya jirani huijui mpaka akuombee." Leo harusini mmemsikia padri akisema hivyo, nanyi wajukuu zangu mkanigeukia kuniuliza kaitoa wapi. Hakuitoa kitabuni. Ilitoka kinywani mwa bibi yenu Nyassa, hapahapa Iowa, Marekani, nami nilikuwapo. Ilianza hivi.

Tulipofika huku kutoka kambi ya wakimbizi ya Kigoma, tulipewa nyumba iliyopakana ukuta na ya Mama Jovin, Mhaya wa Bukoba, Mkatoliki wa kuzaliwa. Sisi ni Wapentekoste. Ukuta ule wa mbao haukuficha kitu. Kila alasiri bibi yenu alimsikia jirani akisali rozari, akawa anacheka, "Kasuku kaanza. Maneno yaleyale, moyo haupo." Naye Mama Jovin, tulipopaza sauti katika maombi yetu, aliwaambia wenzake, "Hawa wanadhani Mungu ni kiziwi." Wakikutana uani walijuliana hali, wakapeana chumvi na vitunguu, kisha kila mmoja akarudi kwake akimsikitikia mwenzake kwamba amepotea.

Msiwashangae. Mji huu una kanisa karibu kila kona, na wenyeji wenyewe ndivyo walivyotupokea. Waliotupa makoti walitunong'oneza tusiende kusali ng'ambo ya barabara. Wa ng'ambo walipotuletea magodoro, wakatuonya juu ya wale waliotupa makoti.

Basi, alasiri moja ya mwezi wa tano mbingu ikageuka rangi ya kijani, king'ora cha kimbunga kikalia. Mimi nilikuwa kazini. Haya ya siku ile nimeyasikia kwa bibi yenu na kwa Mama Jovin, na hawajawahi kutofautiana. Walikimbilia chumba cha chini ya ardhi ambacho nyumba zetu zilichangia. Mama yenu Riziki, mtoto mdogo wa darasa la pili, alikuwa bado njiani ndani ya basi la shule.

Bibi yenu alisifika kwa maombi. Angeweza kuomba tangu asubuhi hadi jua kichwani bila kurudia neno. Siku ile alifungua kinywa, kisitoke kitu. Juu yao upepo uling'oa paa, naye katoa macho tu.

"Mama Riziki, omba," Mama Jovin akamwambia.

"Siwezi. Maneno yamenikimbia."

"Basi kaa hapa karibu yangu. Nitaomba mimi."

Akatoa rozari yake, akaanza. Yalikuwa maneno yaleyale ya ukutani. Lakini kila alipofika pa kusema "utuombee", yeye alisema "umwombee Riziki". Punje kwa punje, Riziki, Riziki, mpaka sauti ikamkauka, machozi yanamtiririka kana kwamba mtoto kamzaa yeye. Bibi yenu akamshika mkono. Sala ile hakuijua, ila kila jina la mwanawe lilipotajwa aliitikia, "Amina."

Kimbunga kikapita. Dereva wa basi alikuwa amewawahisha watoto wote kwenye kanisa moja la njiani, wakajificha katika chumba chake cha chini ya ardhi. Tulimkuta mama yenu anakula biskuti.

Jumapili iliyofuata Mchungaji wetu, Lukendo, alihubiri juu ya sala za kweli na sala za bure. Akasema za watu wa rozari hazivuki dari. Mara bibi yenu akasimama. Mimi nilikuwa shemasi, nimekaa mbele. Niliogopa, maana kwetu kumkatiza mchungaji madhabahuni lilikuwa jambo la kutengwa.

"Mchungaji, samahani. Naomba neno."

"Mama, subiri nimalize."

"Ukimaliza nitakuwa nimeitikia amina jambo ambalo si kweli. Dari hiyo unayoisema, mimi nilikuwa chini yake. Sala iliponiishia mimi, mama yule alimwombea mwanangu. Mambo ya rozari siyajui, wala sitayashika. Lakini imani yake nimeiona. Imani ya jirani huijui mpaka akuombee."

Mchungaji akafunga Biblia yake taratibu.

"Alimwombea kwa jina lake?"

"Kwa jina lake, mpaka sauti ikamkauka."

Mchungaji akasema, "Haya, simameni. Na sisi tumwombee. Anaitwa nani?"

"Kokushubira."

Tukaomba, watoto wangu! Jina hilo la Kihaya lililipuka kanisani mpaka watu wa barabarani wakasimama kusikiliza. Nami nilitoka kwenye kiti changu cha mbele, nikaenda kusimama kando ya mke wangu, kifua mbele.

Hakuna aliyehama kanisa. Mama Jovin hadi leo anasema tunapiga kelele, na bibi yenu hajagusa rozari. Ila neno lile liliruka ukuta, likaenda kwa Wakatoliki, kwa Walutheri, kwa Wasabato, na sasa hata Wazungu wa mji huu wanalisema kwa Kiingereza chao. Wakiwauliza ni nani aliyelisema kwanza, msione haya. Waambieni ni bibi yetu, mwanamke wa Fizi, Kongo, na alilisema akiwa amesimama: imani ya jirani huijui mpaka akuombee.