Nani Aliiba Barua Ngomeni?

Walikuwepo watu watatu Singida, mtaa wa nyuma ya kiwanda cha alizeti, na kila mmoja Mungu alimpa kitu kimoja akamnyima viwili.

Msengi, fundi simu, alipewa vidole. Skrubu ndogo kama chawa aliifungua huku akitazama wapita njia. Perpetua, mpokea magunia pale kiwandani, alipewa kichwa. Gunia la nani limeingia lini, limeshonwa kwa uzi gani, alikwambia bila kufungua daftari. Ntandu, mrina asali, alipewa utulivu. Nyuki walimtembea kwenye kope, naye kasimama kama nguzo ya umeme. Sasa msiniulize kama fundi alikuwa na subira au mrina asali alikuwa na wepesi. Hawakuwa navyo. Kila mtu na chake.

Mtaani hapo Mzee Gwau alikuwa na kibanda cha gemu, na gemu lililowashika watu lilikuwa la jasusi anayeingia ngomeni kuiba barua. Hapigani, hapigi hodi. Ananyata tu. Sehemu ya kwanza mtaa mzima uliimaliza kwa wiki moja, watu wakavimba vichwa. Ikaja sehemu ya pili. Humo walinzi wanasikia hata mtu akimeza mate, na ukionwa mara moja tu, unarudishwa getini uanze upya. Miezi mitano, hakuna aliyeitia barua hiyo machoni. Watu walitukana, wakatupa padi ya kuchezea chini, wakaiokota, wakakamatwa tena.

Mzee Gwau akataka kuhamia Kahama kwa mwanawe. Akatangaza: "Mashine hii ya gemu na televisheni yake, atakayemaliza sehemu ya pili kabla lori langu halijaondoka Jumamosi, achukue akafungue kibanda chake. Nasema mmoja. Sitaki habari za ushirika."

Wote watatu waliitaka. Msengi shingo ilishamuuma kwa kuinamia simu za watu. Perpetua vumbi la kiwandani lilimkaa kifuani. Ntandu moto wa msituni ulimlia mizinga yote, hata mmoja haukubaki.

Msengi alijaribu peke yake. Akaruka ukuta, akateleza na kamba, akaangukia miguuni pa mlinzi. Ukuta uleule, mlinzi yuleyule, mara themanini. Kila akikamatwa alisema, "Padi hii mbovu."

Perpetua alijaribu peke yake. Alijua kila mlinzi anakopita na anakogeukia, maana alikaa benchi miezi mitano akitazama wenzake wakikamatwa. Lakini akitaka kushoto, kidole kinakwenda kulia. Jasusi wake aligonga ukuta kama kuku aliyeingia dukani, walinzi wakaja kumzoa. "Lakini najua! Njia naijua!" alilia. Haya, kujua kukamfikisha wapi?

Ntandu alijaribu peke yake. Akamficha jasusi nyuma ya pipa, akangoja. Asubuhi ikaisha, anangoja. Mzee Gwau akamuuliza, "Bwana Ntandu, humo umetega mzinga?" Kukamatwa hakukamatwa. Kufika pia hakufika.

Jumamosi lori likaja. Kabati linapakiwa, kitanda kinapakiwa, na wao bado wanagombea zamu. Perpetua uzalendo ukamshinda.

"We Msengi, shika wewe, mimi nikwambie pa kwenda. Na ukikimbia kabla sijasema, nakufinya."

Ntandu akaketi ubavuni kwa Msengi.

Perpetua akaongoza. "Hesabu saba. Kulia. Inama. Huyu mwenye taa hurudi, usimwamini. Haya, pita." Ua, jiko, ngazi, wakapita pote na hakuna mlinzi aliyegeuza shingo. Bila kichwa kile, wangeishia getini.

Wakafika mlango wa mwisho, pale ambapo hata waliobahatika kufika waliishia. Mlinzi wa hapo huwapa watu mgongo, mtu akichomoka tu, anageuka na kumdaka. Akawapa mgongo.

"Nenda!" Perpetua akasema.

Kidole cha Msengi kikainuka. Ntandu akakifunika kwa kiganja.

"Toa mkono, kaka! Unaniharibia!"

"Tulia."

Mlinzi akageuka, akatazama, akawapa mgongo tena.

"Sasa basi!"

"Bado. Nyuki akikuzunguka usoni, anayerusha mikono ndiye anayeumwa."

Mara ya pili, ya tatu, ya nne. Msengi anatukana, Perpetua anatafuna pindo la kanga. Mara ya tano mlinzi akapiga mwayo, akajiondokea. Bila kiganja kile, wangeishia mlangoni.

Ndani wakakuta mbwa. Mbwa huyo hakuna mtu mtaani aliyewahi kumwona, kwa hiyo Perpetua hakuwa na la kukumbuka, na kungoja ilikuwa kuliwa. Vidole vya Msengi vikacheza: mezani, kwenye taa inayoning'inia, barua mkononi, dirishani, nje! Mbwa akauma hewa. Bila vidole vile, wangeishia mezani.

Vigelegele. Kisha televisheni ikaandika: ANDIKA JINA LA MSHINDI. Nafasi ya jina moja.

Msengi akaandika M. Perpetua akampokonya padi.

"Wewe ulikuwa mkono tu. Mkono unajua nini?"

"Na njia uliikariri wapi? Si kwa kunitazama mimi nikikamatwa? Shule yako ni mimi!"

"Mwalimu gani anafeli mara themanini?"

"Na kaka Ntandu hapa kabonyeza nini? Hata kitufe kimoja!"

"Ndiyo," Ntandu akasema. "Na wewe ungebonyeza, ungekuwa getini saa hizi. Padi hiyo niletee."

Mzee Gwau akasimama mlangoni. "Atakayeandikwa jina hapo ndiye mwenye mashine. Dereva akipiga honi ya tatu, nachomoa waya, naondoka nayo, na ushindi wenu unafutika."

Honi ya kwanza ikalia. Mikono sita kwenye padi moja, hakuna herufi iliyoongezeka. Honi ya pili ikalia.

Haya, nyie mnaosikiliza. Msiniambie wagawane, mashine haikatwi kama mkate. Msiniambie apewe Perpetua kwa sababu anakohoa, wala Ntandu kwa sababu kaunguliwa. Sikuwauliza nani wa kuonewa huruma. Nimeuliza barua imeibwa na nani: aliyejua njia, aliyezuia kidole, au mwenye kidole? Dereva ameshaweka mkono kwenye honi. Padi ningekupa wewe, ungeandika jina gani?