Kitambaa Chenye Buluu

Alikuwepo kijana mmoja, ameoa binti wa watu, na siku hiyo baba mkwe wake alimpa gari akawachukue wageni stendi. Mnalijua gari la mkwe, wanangu. Marehemu mama yangu alikuwa akisema, ukiazima cha mkwe, hata pumzi uivute kwa adabu.

Basi wageni ameshawashusha, anarudi, ana haraka zake. Kichochoroni akakata kona vibaya. Kwaa! Kaigonga meza ya mama muuza nyanya. Meza yenyewe imepakwa rangi ya buluu juzi tu, hata harufu haijaisha. Mguu wa meza ukavunjika, nyanya zikatawanyika njia nzima. Mwenyewe alikuwa ameenda kuchota maji. Kijana akatazama kushoto, akatazama kulia. Hakuna mtu. Akaondoka.

Kufika nyumbani, ashuke aangalie, Mungu wangu! Ile plastiki nyeusi inayozunguka tairi la mbele ina mstari wa buluu, mrefu kama mkono. Na baba mkwe anakuja kulifuata gari lake mchana huohuo.

Akachukua msasa. Mkewe akatoka jikoni mbio. "Acha, utaichubua! Na petroli usiweke, itaacha doa jeupe. Shika mafuta haya ya kupikia na kitambaa laini. Kwani umegonga wapi?"

"Sijagonga. Nimepita karibu tu."

"Karibu gani hiyo inayopaka rangi?"

Akapaka mafuta, akaacha yalowee, akasugua. Geti likilia, anaficha kitambaa. Kumbe ni mbuzi wa jirani. Akasugua tena. Rangi iliyojificha kwenye vijishimo vya plastiki akaitoa kwa mswaki mkuukuu na maji ya sabuni. Kidogo kidogo buluu yote ikahamia kwenye kitambaa, plastiki ikarudi nyeusi, inang'aa. Hata pumzi hajaishusha, mkwe huyo anabisha hodi.

Mzee akalizunguka gari polepole.

"Safi," mzee akasema. "Safi kuliko nilivyokupa. Umetumia mafuta hayo?"

"Ndiyo, baba."

"Basi njoo nayo, na hicho kitambaa. Kuna mama hapo kichochoroni, mshenzi mmoja kamgongea meza akakimbia, kamwachia mstari mweusi kwenye rangi yake mpya. Nimemwambia nitamletea mkwe wangu amsaidie, maana wewe una moyo."

Hebu niambieni, angekataaje? Akamfuata mzee nyuma, chupa mkono huu, kitambaa mkono huu, miguu mizito kama ya mtu anayepelekwa kaburini kwake.

Wakamkuta mama ameinama, nyanya nzima anazipangusa kwa kanga, zilizopasuka kazitenga pembeni. Kijana akachuchumaa mbele ya ule mstari mweusi, akakikunjua kitambaa. Mama akautazama mkono wake. Akautazama sana.

"Mwanangu, meza yangu hujaigusa bado. Mbona kitambaa chako kina rangi yake?"

Mzee akageuka.

"Ni mimi, mama," kijana akasema.

"Nilikuwa naomba urudi," mama akamjibu. "Ila sikujua utaletwa na mkwe. Haya, shika huo mguu, nipigilie msumari."

Wanangu, kijana yule ni sisi. Tukimkosea mtu, tunakimbilia kutazama nini kwanza? Si gari letu wenyewe? Je, nimechafuka? Je, nitaonekana? Tunafunga, tunalia, tunajisugua mpaka tunang'aa, tunaingia humu katika nyumba ya Mungu, watu wanasema huyu ana moyo. Toba ni njema, siisemi vibaya. Lakini rangi yake imekutoka wewe. Yako je, imemtoka yeye uliyemgonga? Nani huko kichochoroni mpaka sasa ameinama, anaokota nyanya ulizozimwaga?

Mungu hashangai gari lako linavyong'aa. Kitambaa alishakiona zamani.

Tukitoka hapa leo, tusinyooshe nyumbani moja kwa moja. Tupite kwanza kichochoroni. Meza bado imelala, na yupo anayengoja mtu wa kumshikia mguu.